Pakiti imeandikwa «Manchester», kumbe iko Shenzhen: namna ya kujua kitu kiko wapi mbele ya kulipa

Katika jamaa nyingi za Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, vitu vidogo vyenye kukosekana ku soko vinakuja kwa njia ileile. Ndugu ao dada anayeishi Ulaya, Marekani ao Canada anavinunua kwenye mutandao, vinafika kwake nyumbani, kisha anavipatia musafiri. Ni kipande cha mashini ya kushona, ni chaja ya kamera, ni mashini ya kupima sukari ya damu kwa ajili ya mama. Musafiri iko na tarehe ya ndege, na kilo zake zimehesabiwa. Kama pakiti haijafika siku ile, kitu kinabakia kule, na kungoja musafiri mwingine kunaweza kuchukua miezi.

Njo maana mustari mumoja mudogo wa tangazo unabeba uzito kuliko watu wengi wanavyofikiri: ule wenye kuonyesha mahali kitu kiko. Tuchukue mufano. Mudada anayeishi Leeds anatafuta kipande cha mashini ya kushona ya shangazi yake wa Uvira. Tangazo linasema «Manchester, Uingereza». Kutoka Manchester mupaka Leeds ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Analipa, anahesabu siku tatu ao ine, na anaomba musafiri wa siku ya posho amuachilie nafasi ya nusu kilo. Siku ya posho inapita, musafiri anaenda. Majuma matatu kisha, pakiti inafika, na juu yake kuko karatasi ya posta ya China.

Hakuibiwa, kwa sababu kitu amekipata. Lakini amedanganywa juu ya jambo moja, na jambo lile njo lenye kubeba mengine yote: siku za kungoja, kodi ya duane, haki ya kurudisha kitu, na sheria ya inchi gani inaweza kumusaidia.

Ni nani anaandika mahali kitu kiko?

Soko kama eBay haliuzi kitu lenyewe. Linakutanisha muuzaji na mununuzi, na linachukua sehemu yake juu ya bei. Amazon inauza vitu vyake, lakini pia inaachia maelfu ya wauzaji wengine nafasi ya kuuza pale pale. Muuzaji anaweza kuwa mutu mumoja katika nyumba yake ao kampuni kubwa yenye depo.

Wakati muuzaji anatayarisha tangazo kwenye eBay, anajaza mwenyewe inchi na muji ambako kitu kiko. Hakuna mutu mwenye kutumwa ku depo kuangalia kama ni kweli. Sheria ya eBay iko wazi: muuzaji anapaswa kuonyesha mahali pa kweli, na kudanganya juu yake ni kosa lenye linaweza kufanya tangazo liondolewe ao konti ifungwe. Lakini mara nyingi kosa linaonekana kisha watu kulalamika, na wakati ule vitu mingi vimekwisha kuuzwa.

Sababu gani wanadanganya?

Sababu ya kwanza ni namna watu wanatafuta. Mununuzi anaweza kuomba tovuti imuonyeshe tu vitu vyenye kuwa katika inchi yake. Akifanya vile, muuzaji mwenye kuandika «Shenzhen, China» anapotea mbele ya macho yake. Yule mwenye kuandika «London» anabakia. Kwa mustari mumoja wa uongo, muuzaji anaingia katika soko lenye hakupaswa kuingia, na anakaa pembeni ya mwenye duka la kweli la London, lakini kwa bei ya chini.

Sababu ya pili ni kuaminiwa. Mutu analipa kwa urahisi zaidi kama anafikiri muuzaji iko karibu na sheria za inchi zinamufikia.

Sababu ya tatu ni siku. Barua ndogo yenye kutoka China bila ndege ya haraka inaweza kuchukua majuma mawili mupaka sita. Kama muuzaji anasema ukweli huo, watu wengi watanunua kwingine.

Watu wengine wanajiuliza: namna gani mutu wa mbali anaweza kuuza kamba ya simu kwa paundi mbili, posta ikiwa bure, na abakie na faida? Jibu moja liko ku posta yenyewe. Inchi za dunia zinapatana bei ya kubebeana barua na pakiti ndogo katika Muungano wa Posta wa Dunia, wenye makao ku Bern, Uswisi. Kwa miaka mingi, China ilihesabiwa katika kundi la inchi zenye kulipa kidogo. Kwa hiyo, kutuma pakiti ndogo kutoka China mupaka ku mulango wa mutu wa Marekani kuliweza kuwa bei ya chini kuliko kuituma kutoka muji mumoja wa Marekani mupaka muji mwingine. Marekani ilitisha kutoka katika muungano huo. Katika Septemba 2019, mukutano wa pekee ku Geneva ukakubali inchi zenye kupokea pakiti mingi zijipangie bei, na Marekani ikaanza kufanya vile mwaka wa 2020. Bei ilipanda, lakini desturi ya kununua vitu vidogo moja kwa moja kutoka mbali ilikuwa imekwisha kuzoeleka.

Uongo uko wa namna tatu

Ni vizuri kuzitofautisha, juu dawa yake haiko moja.

Namna ya kwanza ni ile ya mufano wetu: kitu kiko mbali, tangazo linasema kiko karibu.

Namna ya pili iko kinyume. Kitu kiko kweli katika depo ya Uingereza ao Ujerumani, na kitafika mbio. Lakini muuzaji, mwenye kuwa inchi nyingine, anajificha ao anajionyesha kama mwenyeji, mara nyingine kwa kampuni yenye iko tu ku karatasi. Hapa mununuzi hachelewi. Mwenye kupoteza ni serikali, juu kodi hailipwe, na mwenye duka wa pale mwenye kulipa kodi yake.

Namna ya tatu: muuzaji hana kitu hata kidogo. Anaweka picha, anapokea feza, kisha anakomande kwenye soko lingine na kuomba kitu kitumwe moja kwa moja kwa mununuzi. Muuzaji huyo anaweza kuwa Mwingereza ao Mumarekani, na anaweza kuishi kweli katika muji wenye ameandika. Lakini kitu hakiko kwake. eBay inakataza kuuza kitu chenye muuzaji ataenda kukinunua dukani kwingine kisha kupata komande.

Kwa hiyo mutu asiseme kama kila muuzaji wa China ni mudanganyifu. Wengi wako na depo za kweli Ulaya na Marekani. Amazon yenyewe inakodisha nafasi katika depo zake: muuzaji wa mbali anatuma mizigo mbele ya wakati, na komande ikifika, Amazon njo inaituma. Muuzaji wa Shenzhen mwenye kuandika «kitu kiko Birmingham» anaweza kuwa anasema ukweli mutupu. Adresi ya muuzaji na mahali kitu kiko ni mambo mawili. Yote mawili yanapaswa kuangaliwa.

Nani anapoteza?

Ku Uingereza, ofisi yenye kuchunguza hesabu za serikali ilitoa ripoti katika mwaka wa 2017. Ilionyesha kama, kufatana na hesabu ya idara ya kodi, serikali ilipoteza kati ya paundi miliare 1 na miliare 1 na nusu katika mwaka wa 2015-2016, sababu ya kodi ya TVA yenye haikulipwa ku mauzo ya mutandao ya wauzaji wa inchi zingine. TVA ya kule ni 20 kwa mia. Mwenye duka mwenye kuilipa hawezi kushindana na yule mwenye kuikwepa, hata kama wanauza kitu kimoja kutoka kiwanda kimoja.

Tangu tarehe 1 Januari 2021, Uingereza ilibadilisha njia. Kwa pakiti yenye kutoka inje na yenye bei haipite paundi 135, soko la mutandao lenyewe njo linapaswa kukusanya TVA. Ni vilevile kwa kitu chenye kiko tayari ndani ya Uingereza lakini mwenyewe ni muuzaji wa inchi nyingine, hata kiwe cha bei gani. Umoja wa Ulaya ulifanya jambo lenye kukaribia lile tarehe 1 Julai 2021: ulifuta ruhusa ya pakiti za chini ya euro 22 kuingia bila TVA, na ukaweka masoko ya mutandao kuwa wenye kukusanya kodi kwa pakiti za mupaka euro 150.

Marekani, kwa upande wake, iliachia pakiti za mupaka dola 800 ziingie bila kodi ya duane tangu 2016. Ruhusa ile ilifutwa kwa vitu vya China na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, kisha kwa inchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Hapa njo uongo juu ya mahali unauma zaidi. Mutu wa Marekani mwenye kuamini kama kitu kiko Texas, kumbe kinatoka inje, anaweza kuombwa kulipa kodi yenye haikuonekana kwenye bei. Ndugu wa Dallas ao wa Phoenix mwenye kutumia jamaa vitu anapaswa kuongeza hesabu hiyo.

Marekani iko pia na sheria yenye ilianza kazi tarehe 27 Juni 2023. Inalazimisha masoko ya mutandao kuhakikisha kitambulisho cha wauzaji wakubwa, na wale wenye kuuza kwa dola 20.000 ao zaidi kwa mwaka wanapaswa kuonyesha jina na njia ya kuwapata. Sheria hizo zinasaidia kujua muuzaji ni nani. Hazitie mutu ku depo ya kila muuzaji kuangalia kitu kiko wapi.

Alama za kuangalia mbele ya kulipa

*Tarehe ya kufika.* Hii njo alama yenye nguvu zaidi. Muuzaji anaweza kudanganya muji, lakini anaogopa kudanganya tarehe, juu akichelewa mununuzi atadai feza zake. Kama tangazo linasema kitu kiko Manchester, lakini kufika kwa mutu wa Leeds ni kati ya siku 15 na 30, tarehe njo inasema ukweli.

*Habari za muuzaji.* Ku Uingereza na katika Umoja wa Ulaya, mwenye kuuza kama biashara anapaswa kuonyesha jina na adresi yake. Mara nyingi iko chini kabisa ya tangazo, mahali watu hawafike. Adresi ya Guangdong ao Hong Kong si ushuhuda wa uongo, kama vile tumekwisha kuona, lakini ni sababu ya kuuliza maulizo.

*Maoni ya wanunuzi.* Mutu asiangalie tu hesabu ya nyota. Asome maoni mabaya na yale ya katikati, ya miezi ya mwisho. Kama watu watatu wanaandika kama kitu kilitoka China na kilichukua majuma matano, wa ine hatapata tofauti.

*Matangazo mengine ya muuzaji yuleyule.* Kama kitu kimoja kiko London, kingine Leicester, kingine «UK» bila muji, na vyote viko na picha za kiwanda zenye kufanana, muuzaji hana depo katika miji yote ile.

*Bei.* Kama wauzaji kumi wa pale wanauza kwa paundi 18 mupaka 22 na mumoja anauza kwa 6 pamoja na posta, kuko kitu chenye hakisemi.

*Ulizo la moja kwa moja.* Mutu anaweza kuandika kwa muuzaji ndani ya tovuti, mbele ya kulipa: «Kitu hiki kitatumwa kutoka muji gani, na siku gani?» Jibu linabakia limeandikwa. Muuzaji mwenye kujibu «usiogope, kitafika haraka» hajajibu ulizo.

Numero ya pakiti inasema mengi

Kisha kulipa, muuzaji anatoa numero ya kufuatilia pakiti. Posta za dunia zinatumia namna moja ya kuandika numero za pakiti za kimataifa: herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za inchi ambako posta iliandikisha pakiti. Numero yenye kuishia na CN inatoka ku posta ya China, HK ni Hong Kong, SG ni Singapore, GB ni Uingereza, US ni Marekani. Yetu ya Congo ni CD. Kama kitu «kiko Manchester» na numero inaishia na CN, mutu hana tena lazima ya kuuliza.

Lakini kuko mipaka mbili. Kampuni za kubeba mizigo zenye si posta ziko na numero za namna yao, na herufi za mwisho haziseme kitu. Tena, wauzaji wengine wanapitisha pakiti ku posta ya inchi ya tatu, kwa hiyo herufi zinaonyesha mahali pakiti iliandikishwa, si lazima mahali kitu kilikuwa.

Kuko pia uongo mwingine wenye kufaa kujua: muuzaji anatoa numero ya kweli ya pakiti nyingine, yenye ilitumwa katika muji uleule lakini kwa adresi ingine. Tovuti inaonyesha «imefika», kumbe mununuzi hajapata kitu. Mutu akiona vile, aombe kampuni ya kubeba imuhakikishie kama pakiti ilipelekwa ku adresi yake. Jibu hilo njo ushuhuda wake mbele ya soko.

Saa inakwenda wakati mutu anangoja

Hapa njo watu wengi wanapoteza feza kabisa. Malalamiko iko na mupaka wa siku. Ku eBay, mununuzi mwenye hajapata kitu anapaswa kufungua malalamiko katika siku 30 zenye kufuata tarehe ya mwisho yenye tangazo lilisema kitu kitafika. Ku Amazon, kwa vitu vya wauzaji wengine, ni siku 90 kisha tarehe ile ya mwisho. Mwenye kulipa na PayPal iko na siku 180 tangu siku ya kulipa.

Muuzaji mwenye kujua sheria hizo anaandika kwa heshima: «Rafiki mupendwa, posta inachelewa, ngoja siku 10 tena.» Kisha siku 10 zingine. Hataki kugombana, anataka tu saa ipite. Mununuzi anaweza kujibu kwa heshima vilevile, lakini afungue malalamiko siku ile tarehe imepita. Kufungua malalamiko si vita. Ni kuweka jina katika kitabu. Na kama muuzaji anaomba: «Funga malalamiko, nitakurudishia feza», jibu ni moja: feza kwanza. Ku eBay, malalamiko yenye mununuzi amefunga mwenyewe haifunguliwe tena.

Tuseme kitu kimefika lakini si chenye kiliandikwa. Muuzaji anaweza kusema: «Nirudishie ku China kwa feza yako,» akijua kama posta ya kurudisha inapita bei ya kitu. Ao anatoa nusu ya feza ili mutu abakie na kitu. Mutu anaweza kukubali kama hesabu inamufaa. Lakini ajue kama ku eBay, wakati kitu hakifanane na tangazo, kurudisha ni juu ya muuzaji, na akikataa, mununuzi anaweza kuomba eBay iingilie kati.

Ni vizuri pia kujulisha soko kama mahali palidanganywa, hata kama kitu kimefika na kinafanya kazi. Kuko sehemu ya kufanya vile kwenye tangazo lenyewe.

Wakati kitu kinapaswa kuendelea mupaka Congo

Kuko jambo moja lenye kugusa watu wa huku zaidi kuliko mununuzi wa London. Ulinzi wa eBay unaishia ku adresi ya kwanza. Kama kitu kimefika Leeds, kisha kikatumwa tena kwa inchi nyingine, mununuzi hana tena haki ileile ya kulalamika. Ni vilevile kwa watu wenye kukomande ku adresi ya ajansi ya Ulaya, Dubai ao Kampala ili ajansi iwaletee: pakiti ikifika kwa ajansi, kwa soko la mutandao kazi imekwisha.

Kwa hiyo mwenye kupokea kule asiweke pakiti ku kona mupaka siku ya musafiri. Aifungue siku ileile, apige picha, awashe kitu, apime kama kipande kinaingia. Shangazi wa Uvira anaweza kumutumia picha ya mashini yake na numero yenye kuandikwa juu ya kipande cha zamani. Kosa lenye kuonekana Leeds linaweza kurekebishwa. Kosa lenye kuonekana Uvira ni hasara.

Kwa hesabu ya siku, usitegemee mahali penye kuandikwa. Tegemea tarehe ya mwisho ya kufika, kisha ongeza juma moja. Kama tarehe ile inapita siku ya musafiri, nunua kwingine, hata kama bei iko juu kidogo. Na kwa mizigo yenye kuingia Congo kama biashara, hesabu ya DGDA, ya OCC na TVA ya 16 kwa mia iko pembeni. Haimo katika bei ya tovuti hata kidogo.

Na ku WhatsApp je?

Uongo juu ya mahali kitu kiko haubakie ku tovuti kubwa. Katika makundi ya WhatsApp na ya Facebook ya miji yetu, mutu anaweka picha ya televizyo ao ya simu na kuandika «iko Goma, bei ya haraka». Kisha kulipwa anasema muzigo uko njiani, uko Kampala, uko ku duane. Kumbe bado hajaukomande ku Dubai ao Guangzhou.

Kukomandea watu si kosa. Wafanyabiashara wengi wanaifanya kwa uaminifu: wanasema «ni komande, itachukua majuma sita», wanachukua sehemu ya feza, na wanatimiza. Kosa ni kusema kitu kiko hapa wakati hakiko. Mwenye kununua anafikiri analipa kitu, kumbe anamukopesha muuzaji feza za kufanya biashara, bila kujua na bila kukubali.

Huku hakuna eBay ya kurudisha feza. Congo iko na sheria ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na inazungumuzia pia biashara ya mutandao, lakini kwa simu ya dola 80 mutu ataona ngumu kwenda ku tribinali. Kwa hiyo ulinzi uko mbele ya kulipa. Kama kitu kiko Goma, muuzaji anaweza kusema katika quartier gani, na mutu anaweza kwenda kukiona leo. Kama mununuzi iko mbali, anaweza kuomba video fupi yenye kuonyesha kitu pamoja na karatasi yenye kuandikwa jina lake na tarehe ya leo. Mwenye kitu mukononi ataifanya kwa dakika mbili. Na kama ni komande, mapatano iandikwe katika mesaje: kitu kinatoka wapi, siku ya mwisho ya kufika, na feza zitarudishwa siku gani kama haikufika. Mesaje ile ibakie, pamoja na ile ya Airtel Money, M-Pesa ao Orange Money.

Ku soko ya Virunga ao ya Kadutu, hakuna mama mwenye kulipa gunia ya maharagi bila kuuliza gunia iko wapi. Akiambiwa «iko nyuma», anaenda nyuma kuangalia. Ku mutandao mutu hawezi kwenda nyuma, lakini tarehe ya kufika, adresi ya muuzaji, maoni ya wanunuzi na numero ya pakiti vinafanya kazi ileile. Vinaomba dakika tano, mbele ya kulipa na mbele ya kuahidi musafiri kama kitu kitakuwa tayari siku ya posho.